Mikanda ya ngozi ya punda na maksai imeota ukungu? Shughulikia kabla plau halijaingia shambani



Leo tuongelee kitu ambacho wengi tunakidharau: vile vidoa vyeupe au vya kijani vinavyoota kwenye vifaa vya ngozi. Wanaofuga farasi wa kupanda kule Arusha na Moshi wanahangaika navyo kwenye matandiko na hatamu. Huku kwetu Katavi farasi ni adimu, maana mbung'o na ugonjwa wa nagana anaoueneza haumpi farasi nafasi. Ngozi yetu iko kwa punda na maksai: hatamu, mikanda ya kifuani na tumboni ya punda wa mkokoteni, na mikanda ya shingoni kwenye nira. Ngozi ni ngozi, na ukungu ni ule ule.

Hasara iko wapi?

Ukilima kibiashara, na hasa kama unawalimia wenzako kwa malipo ya eka, unachouza ni muda. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Mkanda ukikatika wiki ya kwanza ya kulima, wateja hawakusubiri. Mbaya zaidi ni mkanda uliokakamaa bila kukatika. Huo unamsugua mnyama mpaka anapata kidonda, na mnyama mwenye kidonda hafungwi kazi mpaka apone. Hapo hasara siyo ya mkanda tena.

Ukungu unatoka wapi?

Mliolima tumbaku mtanielewa haraka. Jani lililokaushwa hunyonya unyevu wa hewani: likikauka sana linavunjika, likizidi unyevu linaota ukungu. Ngozi nayo iko hivyo hivyo. Mbegu za ukungu ziko hewani muda wote, zinasubiri unyevu tu. Zikiupata, chakula kipo tayari: mafuta yaliyomo kwenye ngozi, jasho na uchafu wa mnyama. Ndiyo maana mkanda uliotundikwa ukiwa na jasho bila kufutwa huota kwanza.

Hakikisha ni ukungu kweli

Siyo kila cheupe ni ukungu. Sugua kwa kidole chenye joto: kikiyeyuka, ni mafuta yaliyopanda juu. Kikiwa kigumu na kikaisha kwa kitambaa chenye maji, ni chumvi ya jasho. Kikiwa na manyoya manyoya na harufu ya uvundo, huo ni ukungu.

Namna ya kusafisha

1. Toa vifaa nje, mbali na stoo na chakula. Funika pua na mdomo, halafu piga brashi kavu. Ukipigia ndani, unazisambaza mbegu tu.
2. Fungua kila chuma cha kufungia. Ukungu hujificha kwenye mikunjo, matundu na mishono.
3. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa na sabuni ya mche kidogo. Usiloweke. Mikanda mingi ya nira ni ngozi mbichi iliyokaushwa tu, na ikilowana sana inalainika na kuoza.
4. Changanya spiriti ya duka la dawa na maji nusu kwa nusu, ujaribu kwanza sehemu iliyojificha. Ngozi isipobadilika, pitisha kote kwa kitambaa.
5. Anika kivulini penye upepo. Jua kali na moto huifanya ngozi ipasuke.

Ikishakauka, ikunje kwa mkono. Ukiona nyufa, au uzi wa mshono unachomoka, peleka kwa fundi viatu sasa hivi. Kama inameguka, itupe. Mafuta hayafufui ngozi iliyooza.

Vitu vya kuepuka

Najua kuna kijana ameshafikiria dawa ya ukungu ya nyanya iliyobaki. Usithubutu! Mkanda huo unalala kwenye ngozi ya mnyama mwenye jasho siku nzima. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe nayo inakula ngozi. Oili chafu na mafuta ya taa vinamuunguza mnyama.

Mafuta kidogo yanatosha

Ngozi ikiwa safi na kavu kabisa, ipake mafuta kidogo. Mafuta ya kupikia siyo chaguo zuri, yanachacha na kuulisha ukungu. Sisi tuna bahati, nta ya nyuki ipo, Inyonga na kwingineko. Chukua sehemu moja ya nta na mbili za mafuta ya mbarika, yeyusha kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, siyo moja kwa moja kwenye moto, maana nta inawaka. Ikipoa, paka nyembamba, acha usiku kucha, kisha futa inayobaki juu.

Stoo ndiyo dawa yenyewe

Ukisafisha ukarudisha mahali pale pale, ukungu utarudi. Tundika mikanda kwenye mti mnene wa duara, siyo kwenye msumari, na iache nafasi na ukuta. Isilale kwenye sakafu ya saruji, wala isifungwe kwenye mfuko wa nailoni au kiroba. Iweke mbali na mbolea na chumvi: vyote viwili vinavuta unyevu na kula vyuma. Hakikisha hewa inapita, hata kwa matundu mawili yanayotazamana.

Na kila jioni, mnyama akifunguliwa, futa jasho kwenye mkanda kabla ya kutundika. Kila mnyama awe na vifaa vyake pia. Ukungu wa stoo siyo mapunye, lakini mapunye nayo husafiri kwa mikanda ya kuazimana.

Kazi hii ifanye Septemba au Oktoba, jua likiwepo na fundi akiwa hana foleni. Ukikuta kidonda mnyama anapofungiwa mkanda, mwone mtaalamu wa mifugo wa kata yako kabla ya kumfunga tena.

Kazi njema, na msimu mwema.