Mbwa wa nyumbani anakohoa na kuhema kwa shida: je, ni pumu?

Mama anayelea mtoto mwenye pumu anaujua vizuri mlio ule wa kifuani. Siku mbwa wa nyumbani akisimama uani, shingo kainyoosha, anakohoa na kuhema kwa nguvu, ni rahisi kufikiri kwamba naye kashikwa na pumu. Tafadhali usimpulizie inhela ya mtoto. Soma kwanza.

Je, mbwa hupata pumu?

Pumu inayofanana na ya binadamu huwapata zaidi paka. Mbwa hupata ugonjwa wa karibu nayo: njia zake za hewa huvimba na kujaa makohozi, ama kwa sababu ya mzio, ama kwa kuwashwa muda mrefu na moshi na vumbi. Hapa Nyegezi mbwa wengi hulala nje, karibu na jiko la mkaa au mahali pa kubanikia samaki. Kikohozi kikizidi kila jiko linapowashwa, mweleze daktari wa mifugo hivyo hivyo. Na kumbuka kwamba moshi huo huo anauvuta mtoto aliye mgongoni.

Lakini mara nyingi kikohozi kina sababu nyingine. Mbwa huambukizana kikohozi kikavu cha kukwaruza, kinachoishia kama anataka kutapika. Watoto wa mbwa hukohoa minyoo inapopita mapafuni. Mbwa mzee anayekohoa usiku huenda ana ugonjwa wa moyo. Wapo pia minyoo wanaoishi kwenye moyo, ambao huenezwa na mbu.

Utajuaje kama hali ni mbaya?

Subiri alale usingizi, kisha hesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika moja. Mbwa mzima hupumua chini ya mara 30. Ukipata zaidi ya 40, na ukirudia bado ni hivyo, anahitaji daktari. Kuhema ulimi nje baada ya kukimbia au kwenye jua la mchana ni kawaida yake, usiogope.

Usingoje kesho ukiona fizi zimekuwa za bluu au kijivu, anashindwa kulala kwa ubavu, au ameanguka. Mweke kivulini, mlegeze kamba ya shingoni, usimlazimishe kunywa maji, na uwaondoe watoto.

Kabla hujamshika mdomo

Hili ndilo tunaloomba ulishike kuliko yote. Huku ziwani tunawapa mbwa vichwa na mifupa ya sato na sangara, kwa hiyo akianza kujikaba na kutoa mate, kila mtu husema, "Amekwamwa na mwiba." Kisha mtu anaingiza vidole mdomoni ili autoe.

Mbwa mwenye kichaa cha mbwa huonekana hivyo hivyo. Koo lake hupooza, anashindwa kumeza, mate yanamtoka, taya inalegea na sauti ya kubweka inabadilika. Si lazima awe mkali. Wengine hupoa tu na kujificha. Mate yake yana virusi, na mchubuko mdogo kwenye kidole unatosha. Usiingize mkono. Mfungie mahali bila kumgusa na umwite afisa mifugo wa kata.

Kama ameshamng'ata mtu, au mate yake yameingia kwenye kidonda au jichoni, osha papo hapo kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kidonda kioshe kwa sabuni pia; jicho, maji peke yake. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaanze chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa; chanjo ikiwahi, huzuia. Watoto mara nyingi huficha kwamba wameng'atwa wakiogopa kuchapwa, kwa hiyo muulize kwa upole.

Matibabu

Daktari atamsikiliza kifua, na huenda akapima damu au kinyesi. Ikiwa ni mzio, kwa kawaida hutoa vidonge vya steroidi kwa kipimo cha uzito wa mbwa, kisha hupunguza polepole. Usivikatishe ghafla kwa sababu amepata nafuu. Minyoo ina dawa yake, na moyo una dawa zake.

Dawa za watu ziache kabatini. Panadoli, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumuua. Inhela nayo iwekwe juu: mbwa akiitafuna na kuitoboa, dawa yote huingia kwa mkupuo na moyo hupiga kwa kasi ya hatari.

Nyumbani, hamisha malazi yake mbali na moshi na umwagilie uani maji kabla ya kufagia. Mpe chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Mwulize afisa mifugo ni lini inatolewa kwenye kata yako.

Jambo moja dogo: akianza kukohoa, mrekodi video kwa simu. Mbwa akifika mbele ya daktari mara nyingi hakohoi kabisa, na video ya nusu dakika itamsaidia daktari kuona ulichokiona wewe.