Jenerali Smuts na Vita vya 1916: Aliteka Nchi, Hakuliteka Jeshi

Watahiniwa wengi wakiulizwa kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia katika eneo la Tanganyika huandika kwamba Waingereza, wakiongozwa na Jenerali Smuts, waliwashinda Wajerumani mwaka 1916. Sentensi hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayobeba alama.

Jan Smuts hakuwa Mwingereza. Alizaliwa mwaka 1870 katika Koloni la Rasi, Afrika Kusini, na katika vita vya 1899 hadi 1902 alikuwa upande wa Makaburu akipigana na Waingereza hao hao. Baadaye akawa waziri wa ulinzi wa Afrika Kusini chini ya himaya ya Uingereza. Mwanzoni mwa 1916 jenerali Mwingereza aliyeteuliwa kuongoza vita vya Afrika Mashariki, Horace Smith-Dorrien, aliugua njiani, na nafasi yake akapewa Smuts, akiwa na cheo cha luteni jenerali. Alifika Mombasa Februari 1916. Waingereza walihitaji ushindi: Novemba 1914 walikuwa wamefukuzwa Tanga kwa aibu, ingawa walikuwa wengi kuliko Wajerumani.

Smuts alikuja na mbinu aliyoizoea kwao: wapanda farasi wazunguke adui kwa nyuma, asipate pa kukimbilia. Machi aliichukua Moshi baada ya mapigano ya vilima vya Latema na Reata. Kisha akamtuma Jacob van Deventer na kikosi cha farasi kutoka Arusha kwenda kusini. Mwanafunzi wa Karatu anayesafiri kwenda Dodoma kupitia Makuyuni na Babati anaweza kuifuata safari hiyo kwenye ramani: mapema Aprili waliuteka mlima Lolkisale pamoja na askari wapatao 400, wakapita Ufiome, na tarehe 19 Aprili wakaingia Kondoa Irangi.

Kwenye ramani ni mwendo mzuri sana. Ardhini mambo yalikuwa mengine. Masika yalikuwa yameanza, barabara zikawa tope, na chakula kutoka kaskazini hakikufika. Farasi walikufa kwa mamia kwa ugonjwa wa mbung'o. Jambo hili lilijulikana: wenyeji hawakuwa wakichunga mifugo kwenye mapori yenye mbung'o, na sababu haikuwa siri. Mwezi Mei Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliishambulia Kondoa akashindwa, lakini van Deventer alibaki pale majuma mengi bila nguvu ya kusonga mbele.

Miji ikaendelea kuanguka: Dodoma mwishoni mwa Julai, Morogoro Agosti, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Wabelgiji, wakitokea Kongo, waliichukua Tabora mwezi huo huo. Kila mara Smuts alipofika, Lettow-Vorbeck alikuwa ameshaondoka na jeshi lake. Mwishoni mwa mwaka malaria na kuhara vilikuwa vimewamaliza askari wazungu wa Afrika Kusini, na takribani 12,000 wakarudishwa kwao. Januari 1917 Smuts mwenyewe aliondoka kwenda London, ambako alieleza kwamba kazi ilikuwa karibu kwisha. Huko alipanda zaidi, akaingia katika Baraza la Vita la Uingereza, na ripoti yake ikawa msingi wa kuundwa kwa jeshi la anga la nchi hiyo mwaka 1918.

Kazi aliyosema imekwisha iliendelea karibu miaka miwili. Jenerali Hoskins, aliyempokea, alilazimika kuongeza askari Waafrika wa King's African Rifles. Lettow-Vorbeck alivuka kuingia Msumbiji Novemba 1917, akasalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, akiwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168.

Aliyelipa gharama ya mwendo huo ni mpagazi. Farasi walipokufa na magari yalipokwama, mizigo ilihamia vichwani mwa watu waliokamatwa vijijini na pande zote mbili, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa na magonjwa. Katika Ugogo majeshi yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana, ikafuata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi pale.

Hata Ngorongoro iliguswa. Ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Siedentopf, walikuwa na mashamba ndani ya kreta kabla ya vita. Baada ya vita mashamba hayo yaliangukia mikononi mwa serikali ya Waingereza. Wamasai, waliokuwa wakichunga pale kabla ya ndugu hao kufika, hawakuulizwa na upande wowote.

Swali la kujipima: "Jenerali Smuts alishinda vita vya Afrika Mashariki mwaka 1916." Jadili kauli hii kwa hoja sita. Angalau hoja mbili zihusu wapagazi na wanavijiji.