Programu Zauzwa, Milki Yake Haijatulia

Katika tijara ya programu za kompyuta, ambayo miaka hii ya karibuni imewapatia riziki vijana wengi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, kinachouzwa hasa ni haki, yaani ile hakimiliki ambayo sheria humpa mwandishi wa msimbo kama impavyo mtunzi wa riwaya. Na madhali haki hiyo ndiyo bidhaa yenyewe, si ajabu kwamba wenye biashara wameingiwa na wasiwasi tangu mashine za akili mnemba zilipoanza kuandika sehemu kubwa ya msimbo huo.

Mkataba wa kimataifa wa TRIPS, unaohusu hakimiliki na haki nyingine za ubunifu, wa mwaka 1994 uliagiza programu zilindwe kama maandishi ya fasihi, lakini haukusema neno juu ya maandishi yasiyo na mwandishi. Kenya, katika Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ilifuata nyayo za Uingereza, ambayo tangu 1988 imeandika kwamba kazi ikizalishwa na kompyuta, mwandishi atahesabiwa kuwa yule aliyefanya matayarisho yaliyohitajika ili kazi ipatikane. Sheria ya Tanzania Bara ya 1999 humtazama mwandishi kuwa ni mwanadamu aliyeitunga kazi, na nchini Marekani mahakama ya rufaa ilishikilia, Machi 2025, kwamba mashine haiwezi kuwa mwandishi kisheria. Kwa hiyo msimbo ule ule, ukivuka mpaka wa Kenya na Tanzania pale Namanga, huenda ukawa na mwenyewe upande mmoja na kukosa mwenyewe upande wa pili.

Ofisa mmoja ahusikaye na mambo haya, ambaye hakupenda atajwe, anasisitiza kwamba sheria iliyopo ya Kenya yatosha. Alipoulizwa ni nani basi aliyefanya hayo “matayarisho”, kijana aliyeiamuru mashine, mwajiri anayelipia huduma yake kila mwezi, au kampuni iliyoiunda, alijibu kwamba mahakama itaamua siku shauri litakapofika. Jibu hilo ni jepesi kwa mtu ambaye mshahara wake hautegemei malipo ya mteja.

Bibi mmoja mwenye karakana ndogo ya programu jijini Nairobi hana wepesi huo. Aliandika mfumo wa mikopo kwa mteja wa Ulaya anayekopesha vyama vya wakulima, na mkataba ukamtaka athibitishe kwamba msimbo wote ni asilia, umeandikwa na wafanyakazi wake, na hakuna mtu mwingine mwenye dai juu yake. Siku ya makabidhiano mteja akataka kujua ni mafaili yapi yaliyoguswa na mashine, na awamu ya mwisho ya malipo akaizuia. Bibi huyo akaketi na vijana wake kuchambua faili baada ya faili, wakakwama kwenye sehemu inayokokotoa riba ya salio linalopungua: kijana aliandika maagizo ya mistari mitatu, mashine ikatoa msimbo uliokaribia kukamilika, kisha yeye akarekebisha senti zilizokuwa zikipotea katika kukadiria, akageuza mpangilio ili faini ikatwe kabla ya riba, na riba kabla ya deni lenyewe.

“Sasa hapo niseme mwandishi ni nani?” aliuliza. “Na lililonikera zaidi, ndugu mwandishi, ni kwamba wakati wa kupatana bei mteja aliniambia nipunguze kwa sababu mashine imerahisisha kazi. Bei ya mashine, dhima ya binadamu. Yote nimebeba mimi.”

Malalamiko yake yana uzito zaidi kuliko inavyokubaliwa katika ofisi za serikali. Waundaji wa mashine hizo aghalabu huandika katika masharti yao kwamba kinachotoka ni mali ya mtumiaji, walakini hakuna awezaye kumpa mwenziwe haki ambayo yeye mwenyewe hana. Baadhi yao huahidi kumtetea mteja akishtakiwa kwa kunakili msimbo wa watu, ila ahadi hiyo hufungamana na huduma za kulipia zilizokusudiwa kampuni, ilhali kijana atumiaye huduma ya bure hujisimamia mwenyewe. Hofu ya kunakili nayo si ya kubuni: mashine zilifunzwa kwa msimbo uliochapishwa hadharani, ambao sehemu yake iko chini ya leseni kama GPL, zinazomtaka anayesambaza programu iliyotokana nao atoe na msimbo wake pia.

Wenye karakana wengine wameacha kuuza msimbo kabisa. Hubaki na msimbo katika seva zao na kumkodisha mteja matumizi kwa mwezi, wakitegemea siri badala ya hakimiliki. Yamkini njia hiyo itawafaa wenye wateja wa humu nchini, vyama vya akiba na mikopo na maduka ya jumla, wasiojali sana msimbo ni wa nani mradi hesabu zikae sawa. Kwa mteja wa ng’ambo anayedai akabidhiwe kila kitu haitafaa, na bibi wa Nairobi anasema katika mkataba ujao atakifuta kifungu cha uasilia, au aongeze bei ya kukibeba, ingawa hajui kama kuna atakayekubali lolote kati ya hayo mawili.