Mafuta ya Mimea na Jeraha la Askari

Afya ya askari ni sehemu ya silaha zake. Bunduki isiyotunzwa hushika kutu, na mguu usiotunzwa humwangusha mwenyewe njiani kabla hajamwona adui. Vikosi vingi duniani vimepungua si kwa risasi, bali kwa vidonda vilivyodharauliwa. Wahenga walisema kweli: mdharau mwiba mguu huota tende.

Watu wa nchi hizi hawakungoja hospitali ndipo waanze kutibu ngozi. Nyakarenzo ni sekta ya milima wilayani Rusizi, katika Rwanda ya kusini-magharibi, eneo lililojulikana zamani kwa jina la Cyangugu. Nchini humo mbarika, ambao Wanyarwanda huuita ikibonobono, huota kando ya nyumba na mashamba. Mbegu zake hukaangwa, hutwangwa, kisha huchemshwa kwa maji hata mafuta yaelee juu na kuenguliwa. Kutoka Kongo, na kutoka Rumonge nchini Burundi, hutoka mafuta mekundu ya mawese. Mafuta ya namna hiyo hupakwa kwenye ngozi iliyokauka, iliyopasuka au iliyochubuka.

Majeshi nayo yamewahi kutegemea mimea. Katika Vita Kuu ya 1914-1918, vita vilivyofika hata Cyangugu, manowari za Waingereza ziliwafungia Wajerumani njia ya bahari. Ndipo kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, kilipotengeneza kwinini, sabuni na mafuta kwa mazao ya nchi, na bandeji zikatengenezwa kwa magome ya miti.

Sayansi imethibitisha sehemu ya elimu hiyo. Asilimia 85 hadi 90 ya asidi za mafuta ya mbarika ni asidi ya risinoleiki. Katika majaribio ya maabara kwa wanyama, asidi hiyo ilipopakwa kwa siku kadhaa ilipunguza uvimbe. Mwaka 1986 watafiti waliofanya kazi Butare, nchini Rwanda, walitangaza kwamba wamepata katika mmea wa umuravumba kitu kinachozuia baadhi ya bakteria na kuvu. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 nalo liliwataja waganga wa jadi miongoni mwa wanaoweza kuhudumia afya ya msingi, pale wanapohitajika na wakiwa wamefundishwa ipasavyo.

Hata hivyo, dawa ya asili isidharauliwe wala isitukuzwe kupita kiasi. Kazi ya mafuta ni kufunika ngozi, kuzuia unyevu wake usipotee na kuilainisha isipasuke. Kazi hiyo hufaa pale ngozi ilipo safi na jeraha limekwisha kufunga. Lakini jeraha bichi la kina, la msumari, mwiba, panga au risasi, ni jambo jingine kabisa. Viini vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, na hustawi mahali pasipo na hewa. Anayemimina mafuta katika tundu lenye uchafu hajaviua. Amevifungia ndani na kuvipa makao. Kwa kawaida ugonjwa hutokea baada ya siku 3 hadi 21, wakati mgonjwa amekwisha kusahau mwiba wenyewe. Taya hukaza, mwili hupindika, na wengi hupoteza maisha.

Hali kadhalika, mafuta hayafai kupakwa juu ya moto uliounguza sasa hivi, kwa sababu huzuia joto lisitoke. Mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Tena mbegu za mbarika zina sumu kali iitwayo risini, inayoweza kuua. Sumu hiyo haichanganyiki na mafuta, na joto huiharibu, lakini mbegu mbichi zisitafunwe wala zisipondwe na kubandikwa juu ya kidonda.

Utaratibu ufaao ni rahisi, na kila askari wa jeshi na wa polisi aushike kama anavyoshika amri. Kwanza, damu izuiwe kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi. Pili, jeraha lioshwe kwa maji safi mengi na sabuni, kisha lifungwe. Tatu, majeruhi afikishwe kwa mwuguzi au zahanati, na chanjo yake ya pepopunda ikaguliwe. Wekundu unaoenea, usaha au homa ni dalili za kurudi huko bila kuchelewa. Ngozi ikishafunga, au nyayo zikikauka na kupasuka kwa mwendo mrefu, hapo mafuta safi ya mbarika au mawese yana nafasi yake.

Ni wajibu wa viongozi wa vikosi kukagua miguu ya watu wao kama wanavyokagua silaha. Urithi wa wazee una heshima yake unapotumiwa mahali pake na kwa wakati wake. Askari mwenye busara huosha kwanza, hutibiwa pili, na hupaka mafuta mwisho.