Magari ya 4x4: Mpira mmoja mpya unaweza kuharibu diferansieli

Mvua ikinyesha kwenye barabara ya Butembo–Beni, wengi hutegemea gari lenye kusukumwa na magurudumu yote manne. Lakini nguvu hiyo inapita katika kifaa kilichofichwa chini ya gari, na mpira mmoja mpya unaweza kukiharibu.

Kifaa hicho ni diferansieli. Gari likikata kona, gurudumu la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Diferansieli huyaruhusu yazunguke kwa mwendo tofauti. Shida huja kwenye matope: gurudumu moja likizunguka bure, lile lililo pahali pagumu nalo linakosa nguvu, na gari linakwama.

Ndiyo sababu magari mengine yamewekwa diferansieli yenye kuzuia utelezi. Kuna zinazotumia visahani vinavyobanana. Nyingine, kama ile ya katikati katika Subaru Forester nyingi za gia za mkono, zina kisanduku kilichofungwa kabisa, chenye visahani ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Upande mmoja ukizunguka haraka kuliko mwingine, mafuta hayo hupata moto, hukaza, na nguvu huenda upande usioteleza.

Kazi hiyo ni ya muda mfupi tu. Dereva akinunua mpira mmoja mpya na kuacha mitatu iliyochakaa, ule mpya ni mkubwa zaidi, kwa hiyo unazunguka polepole kuliko mingine. Kifaa kinafanya kazi kana kwamba gari linateleza, hata kwenye barabara kavu, safari nzima. Kinapata moto mpaka kinakufa. Subaru inaomba tofauti ya mzunguko wa mipira isipite milimita 6, ambayo ni karibu milimita 1 tu ya unene wa meno ya mpira.

Dalili zinajulikana. Gari likijikaza katika kona kali kwenye udongo mkavu, kama limeshikwa breki, huenda kisanduku cha silikoni kimeganda. Kwa ile ya visahani, mlio wa kugongagonga katika kona za polepole unaweza kuonyesha kwamba mafuta si yale yaliyotengenezwa kwa diferansieli ya aina hiyo. Visahani vikiisha, gari linaanza tena kukwama kama zamani.

Gari la namna hii likiharibika njiani, lisivutwe magurudumu mawili yakiwa juu na mawili chini. Na likiwa juu ya kriki kwa gurudumu moja, fundi asiwashe injini na kuingiza gia: gurudumu lililo chini linaweza kulisukuma mpaka lianguke.

Asiye na feza za mipira minne anaweza kununua iliyotumiwa, mradi ilingane. Metre laini yenye urefu wa kutosha ikizungushwa kwenye kila mpira kabla ya kulipa, inatosha kuonyesha tofauti.