Picha nzuri haitokani na kamera ghali

WATU wengi hudhani kwamba picha nzuri hutokana na kamera ya bei ghali. Ukweli ni kwamba kamera ni chombo tu; kinachotenga picha nzuri na mbaya ni uamuzi wa anayeishika.

La kwanza ni mwanga. Nchini Kenya, taifa linalopitiwa na Ikweta, jua la saa sita mchana huwa karibu utosini. Hutia kivuli kizito machoni na chini ya pua, hata mtu mwenye furaha akaonekana amenuna. Asubuhi mapema na jioni, mwanga hutoka ubavuni na huwa laini. Anayelazimika kupiga picha adhuhuri heri amsogeze mhusika chini ya mti au barazani.

Kosa jingine ni kumpiga picha mtu aliyelipa kisogo dirisha au anga nyeupe. Aghalabu kamera hupima wastani wa mwanga ulio mbele yake. Ikikuta weupe mwingi, hupunguza mwanga inaopokea, na uso, hasa wa mtu mweusi, huishia kuwa doa lisilo macho wala tabasamu. Dawa ni kumgeuza aelekee mwanga. Kwenye simu nyingi za kisasa, yatosha kugusa uso wake kwenye kioo kabla ya kupiga.

La pili ni mpangilio. Picha mbaya hujaa vitu visivyohitajika: mlingoti unaoonekana kama umemea kichwani, ndoo, nusu ya mpita njia. Mpiga picha stadi husonga karibu na kukagua kilicho nyuma ya mhusika.

La tatu ni maana. Mwaka wa 1984, Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alinasa kwa kamera ya televisheni baa la njaa huko Korem, Ethiopia. Habari za ukame zilikuwa zimeshatangazwa, lakini ni nyuso alizoonyesha zilizouamsha ulimwengu kutoa msaada.

Si kila picha itatikisa dunia. Hata hivyo, zipo familia ambazo picha ya pekee ya nyanya yao ni ile ndogo ya kitambulisho, inayokuja kupanuliwa siku ya mazishi huku wajukuu wakishindwa kumtambua. Kumketisha barazani jioni moja, uso ukielekea mwanga, hakugharimu chochote.