Nishati Tunayoitupa Jalalani

Mama wa nyumbani anayenunua kopo la mkaa gengeni huona bei tu. Haoni mti uliokatwa, wala tanuri la udongo lililowaka kwa siku kadhaa porini. Laiti angeliona tanuri hilo, angelishangaa. Katika matanuri yetu ya kienyeji, kilo 10 za kuni kavu hutoa kilo moja au mbili tu za mkaa. Zilizobaki huishia kuwa moshi na majivu.

Nao ulaji wa mkaa mijini si mdogo. Taarifa ya Benki ya Dunia iliyotolewa mwaka 2009 ilieleza kuwa mwaka 2001 nyumba 47 katika kila 100 za Dar es Salaam zilitegemea mkaa kwa kupikia. Kufikia mwaka 2007 idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi nyumba 71. Nchi nzima ilikadiriwa kutumia tani milioni moja kwa mwaka. Serikali ilijaribu kupiga marufuku uchomaji wa mkaa mwaka 2006, lakini amri hiyo haikudumu, kwani tumbo haliahirishwi. Mfanyakazi hawezi kuambiwa aache mkaa bila kuonyeshwa atapikia nini.

Hapo ndipo linapozuka swali la makala haya: je, mashamba na misitu yetu ya kupandwa haiwezi kutupatia nishati bila kuimaliza misitu ya asili?

MALI KATIKA MABAKI

Jibu tutalipata tukitazama kile tunachokitupa. Chukua mkonge wa Tanga. Jani la mkonge linapopita katika mashine, nyuzi zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Maji na makapi, ambayo ndiyo karibu jani zima, kwa miaka mingi yalimwagwa yakaoza na kuchafua mito. Katika miaka ya 2007 na 2008 mtambo ulianza kazi huko Hale, ukayaingiza makapi hayo katika matangi yasiyopitisha hewa. Humo vijidudu huyala makapi na kutoa gesi inayowaka, na gesi hiyo ikaendesha jenereta la kilowati 150. Masalio yake ni mbolea.

Huko Njombe, kampuni ya miwati iliyoanzishwa mwaka 1949 ilikuwa ikihitaji gome la mti kwa ajili ya dawa ya kutengenezea ngozi. Mti wenyewe ulibaki. Tangu mwaka 1995 kuni hizo zimetumika katika mtambo wa umeme wenye uwezo wa megawati 2.5. Nako Moshi, kiwanda cha sukari huchoma makapi ya miwa ili kupata mvuke na umeme wake.

Hebu basi fikiria msitu wa Sao Hill wilayani Mufindi, wenye zaidi ya hekta 100,000. Katika viwanda vidogo vya mbao, nusu ya gogo au zaidi huweza kuishia kuwa mabanzi na maranda. Fikiria pia mpunga wa Mbeya na Morogoro: katika kila kilo 100 za mpunga, pumba ni karibu kilo 20. Mara nyingi mabaki hayo huchomwa moto palepale ili kupata nafasi. Tunachoma nishati ili kuiondoa njiani, kisha tunakwenda kukata mti kutafuta nishati!

KIWANDA KIFUATE MABAKI

Kwa nini basi jambo hili halijaenea? Sababu kubwa ni uzito na umbali. Maranda ni mepesi na hujaza gari upesi. Kuyasafirisha kutoka Mafinga hadi Dar es Salaam jinsi yalivyo ni kusafirisha hewa. Kwa hiyo kila mkoa hauna budi kujenga kiwanda kulingana na mabaki yake: cha gesi penye mkonge, cha vitofali vya mkaa penye mbao na pumba. Yakikaushwa na kukandamizwa kwa nguvu na joto, maranda hushikana kwa gundi yake ya asili, na lori moja hubeba nishati nyingi zaidi.

Tahadhari moja haina budi kuzingatiwa. Si kila bua la shambani ni taka. Mengine ni chakula cha ng'ombe, na mengine hurudisha rutuba ardhini. Mkulima asiyeacha kitu shambani leo atanunua mbolea kesho.

FUNZO LA KISARAWE

Tahadhari ya pili ni kubwa zaidi. Mwaka 2009 kampuni ya kigeni ilipewa zaidi ya hekta 8,000 wilayani Kisarawe ili ilime mibono ya kutengenezea mafuta ya magari. Wanavijiji waliahidiwa ajira na huduma. Mwaka 2011 shughuli hizo zilikoma. Wafanyakazi wakapoteza kazi, na ardhi ikawa imekwisha kuondoka mikononi mwa vijiji. Nishati inayoanza kwa kumnyang'anya mkulima ardhi haiwezi kumtajirisha.

Ulinganishe mfano huo na wa Kilosa. Huko, kuanzia mwaka 2012, vijiji vilitenga sehemu ya misitu yao kwa ajili ya mkaa wa mpango. Eneo likivunwa, huachwa lichipue kwa miaka 24 kabla ya kuguswa tena. Ushuru huingia katika mfuko wa kijiji, na umesaidia shughuli kama madarasa na zahanati. Tofauti iko wazi: Kilosa, mwenye ardhi ndiye mwenye mali.

WAJIBU WETU MIJINI

Wewe mlaji nawe una kazi. Uletewapo mkaa wa vitofali, usitazame bei ya mfuko peke yake. Pika nao chungu kimoja cha maharage, upime kiasi ulichotumia, kisha ulinganishe na mkaa wako wa kawaida. Ukizima kabla ya maharage kuiva, mrudishie muuzaji, naye atajifunza kuukausha vizuri. Kumbuka pia kwamba mkaa wa aina yoyote hutoa hewa ya sumu isiyonuka, hivyo usilale na jiko ndani ya chumba kilichofungwa.

Mpango wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unakusudia kuwa ifikapo mwaka 2034, Watanzania 80 katika kila 100 watumie nishati safi ya kupikia. Gesi ya mtungi na umeme vitafanya sehemu yao. Lakini mtungi hujazwa kwa gesi inayoagizwa kutoka ng'ambo, na maranda ya Mafinga yapo hapa hapa. Taifa lenye busara huanza na kilichomo ghalani kabla ya kwenda kukopa kwa jirani.